Kabla Msasa Haujagusa Kasha la Bibi

Mwezi wa Shaabani unapoelekea ukingoni, maduka ya rangi ya pwani hujaa watu. Kuanzia Lamu mpaka Kilwa, kila nyumba inataka kuipokea Ramadhani, na baadaye Idi, ikiwa imevaa upya. Kuta hupakwa chokaa, mapazia hufuliwa, makochi hutolewa nje yakapigwa vumbi, na fundi seremala huitwa na kopo lake la vanishi na karatasi zake za msasa. Ni desturi nzuri, sina neno nayo. Ninachowaomba, ndugu zangu, ni jambo moja dogo. Fundi akishamaliza milango ya vyumbani na stuli za jikoni, akalitupia jicho lile kasha la zamani lililoko pembeni mwa chumba cha bibi, akasema, "Na hili nalo tulipige msasa ling'ae," mwambieni hapana. Mpeni chai, mlipeni ujira wake kamili, na kasha mliache lilivyo.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kitu kikuukuu ni aibu ya nyumba. Mgeni akija anapaswa kuona mng'ao. Imani hiyo inafaa kwa sufuria na kwa vioo vya dirisha. Kwa kasha lililoshushwa jahazini miaka mia na ushei iliyopita, ni hasara, na hasara yenyewe haina dawa. Wakusanyaji wa vitu vya kale, wa huku kwetu na wa ng'ambo, hulipa zaidi, tena mara nyingi zaidi sana, kwa kitu ambacho hakijachokorwa kuliko kwa kile kilichofanywa kipya. Huu si wendawazimu wa matajiri. Wanajua wanachonunua, na sisi wenye mali tunastahili kukijua vilevile kabla hatujakikwangua na kukifagia pamoja na unga wa mbao.

Mwaka 1997 mama mmoja wa Marekani alibeba kimeza chake cha kuchezea karata hadi mbele ya wataalamu wa kipindi cha televisheni cha Antiques Roadshow. Alikuwa amekinunua kwa dola 25, kwa mtu aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumbani kwake. Kilipopinduliwa, upande wa chini kulikuwa na kipande cha karatasi: lebo ya John Seymour na mwanawe, mafundi wa Boston wa miaka ya 1790. Januari 1998 kimeza hicho kikauzwa katika mnada wa Sotheby's kwa dola 541,500. Kipande cha karatasi! Niambieni, ni seremala gani wa mtaani kwetu angekuta karatasi kuukuu imegandia chini ya meza asiikwangue kwa patasi, ili kazi yake ionekane safi?

Na lebo ni ushahidi mwepesi, hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuusoma. Ushahidi mzito umo ndani ya mbao zenyewe. Mnunuzi mzoefu akiingia nyumbani kwako haanzi kwa kusifu nakshi. Ataomba ruhusa, atalilaza kasha ubavu, na atachungulia chini, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupapamba. Pale chini anatafuta alama za msumeno. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka, yenye kwenda mrama kidogo kadiri mikono inavyochoka. Msumeno wa mviringo wa mashine huacha mapinde. Halafu misumari: iliyofuliwa na mhunzi ina pande nne na kichwa kisicho sawasawa, ilhali ya waya, ya kiwandani, ni ya duara kama tunayonunua leo kwa kilo. Akiona skrubu yenye kichwa cha msalaba anajua mara moja kwamba mkono uliopita hapo haukupita kabla ya miaka ya 1930, kwa kuwa skrubu za namna hiyo hazikuwapo sokoni kabla ya hapo.

Kisha anatoa kipimo. Mbao hunywea kwa upana wake kuliko kwa urefu wake, kwa hiyo ubao wa mviringo wa miaka mia na hamsini, ukiupima huku na huku, hautoi namba moja. Mfuniko wa kasha nao hujikunja, ukaacha upenyo ambao haukuwapo siku ya kwanza. Anatazama pia pale mikono ilipopita: kwenye ukingo wa mbele wa mfuniko, kando ya tundu la ufunguo, pembezoni mwa kidroo cha ndani ambamo pesa na pete zilifichwa. Mbao za sehemu hizo zimelainika na kuwa nyeusi zenye mng'ao wa chini kwa chini, mng'ao ambao hakuna vanishi iliyowahi kuuiga vizuri. Penye kona ambayo hakuna kidole kinachofika, mbao bado ni kavu na zina ukakasi. Mghushi hukosea hapa. Huchakaza kila mahali kwa usawa, kana kwamba mtu aliwahi kulishika kasha kwa nyuma, kule lilikoegemezwa ukutani.

Haya yote yamo katika tabaka jembamba mno la juu. Mwanga, hewa, moshi wa ubani, jasho la viganja na vumbi la miaka huingia polepole katika uso wa mbao na kuubadilisha rangi kwa kina kidogo sana. Msasa wa asubuhi moja unatosha kuliondoa tabaka hilo lote, na chini yake inatokea mbao nyeupe, changa, isiyo na habari yoyote. Ni kama kufuta maandishi ya barua ili karatasi ipendeze. Baada ya hapo hata mtaalamu aliyebobea hawezi kuapa kwamba kasha lako halikutengenezwa mwaka jana. Limebaki neno lako wewe muuzaji, na katika biashara ya vitu vya kale hakuna bidhaa iliyo rahisi kupatikana kama neno la muuzaji.

Ndiyo maana wanunuzi makini huiogopa vanishi nene. Si kwa sababu ni mbaya machoni, bali kwa sababu hawajui inaficha nini. Kuna makasha ambayo mfuniko wake umetoka kasha jingine, droo zake zimechongwa upya, na miguu yake ilikuwa ya kabati. Yakipakwa koti moja la vanishi ya rangi ya kahawa, yote yanakuwa ndugu wa baba mmoja. Kasha ambalo halijaguswa halina pa kujificha, na mnunuzi hulilipa kwa ukweli huo.

Msidhani ni kosa la mitaani tu. Mwaka 1937 na 1938, ndani ya British Museum kule London, wafanyakazi walizikwangua kwa vyuma vya shaba na mawe ya kusugulia sanamu za marumaru za Parthenon, zilizochongwa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Tajiri Lord Duveen, aliyekuwa akigharimia jumba jipya la kuzionyeshea, alizitaka ziwe nyeupe. Marumaru ya aina ile, kwa kadiri inavyokaa, hupata rangi inayoelekea asali, na yeye rangi hiyo aliiona uchafu. Mambo yalipogundulika ikawa fedheha kubwa, lakini marumaru iliyokwanguliwa ilikuwa imekwishakwenda. Mwaka 2009 wachunguzi wa jumba hilohilo, wakitumia mwanga usioonekana kwa macho, walikuta kwenye baadhi ya sanamu chembe za rangi ya buluu iliyopakwa na Wagiriki wenyewe. Kwenye nyuso zilizopita chini ya vile vyuma vya Duveen, hakuna tena wa kutueleza palikuwa na rangi gani.

Turudi nyumbani, kwenye shaba. Makasha yetu mengi, yale tunayoyaita ya Zanzibar hata kama yalitengenezwa Surat au Bombay na kuletwa na msimu wa kaskazi, yamepambwa kwa mabati ya shaba na misumari ya vichwa vya duara iliyopangwa kwa maua na nyota. Mama zetu wameisugua shaba hiyo kwa ukwaju na majivu, na siku hizi kwa dawa ya kopo. Nawaelewa. Shaba ikisuguliwa inafurahisha roho. Lakini kila msuguo huondoa shaba yenyewe, kidogo kidogo, mpaka mistari iliyochongwa kwa tindo inakuwa kivuli. Asidi ya ukwaju na ndimu ikiachwa juu yake hunyofoa zinki iliyochanganywa ndani ya shaba hiyo, na badala ya rangi ya dhahabu mnabakiwa na wekundu wa waridi. Baadhi ya dawa za kopo zina amonia, ambayo huweza kuipasua shaba iliyokunjwa au kugongwa. Na ule unga mweupe unaobaki kwenye mashimo ya nakshi, ambao hautoki hata kwa mswaki, huichafua mbao iliyo pembeni yake. Kama mmezoea kuisugua kila Idi na ndivyo bibi alivyopenda, basi isugueni kwa kitambaa kikavu na muishie hapo. Kama ni shaba ambayo imekuwa ya kahawia tangu mlipozaliwa mkaikuta, iacheni iwe ya kahawia.

Sarafu ndizo zinazoteseka zaidi, kwa kuwa ni ndogo na kila mtu anajiona anaziweza. Nyumba nyingi za Unguja na Mrima bado zina pesa za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, zile za shaba nyekundu zenye picha ya mizani, za mwaka 1299 wa Hijria. Si adimu sana, na ndiyo sababu hali yake ndiyo inayoamua bei. Mtu anaokota pesa ya namna hiyo kwenye mkebe wa vifungo, anaifikicha kwa mchanga na ndimu mpaka inang'aa kama senti ya jana, halafu anaipeleka kwa mnunuzi kwa furaha. Mnunuzi anaitazama kwa lenzi, anaona mikwaruzo midogo isiyohesabika inayokwenda upande mmoja, na anairudisha mezani. Kampuni za ng'ambo zinazopima sarafu na kuzipa alama hukataa kabisa kuipa alama ya namba sarafu iliyosafishwa. Huiandikia kwamba imesafishwa, na doa hilo haliondoki.

Mwaka 1944 askari wa Australia aliyekuwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile, aliokota ufukweni sarafu chache za shaba. Aliziweka kwenye kopo na akazisahau. Mwaka 1979 alizitoa na kuzipeleka zichunguzwe. Tano kati yake zilikuwa za masultani wa Kilwa. Mpaka leo wataalamu wanagombania jinsi zilivyofika huko, na kila dalili iliyobaki juu ya vipande hivyo vya shaba ina uzito. Nikifikiria ni sarafu ngapi za Kilwa zilizookotwa na watoto wetu baada ya mvua, zikasuguliwa sakafuni ili zing'ae, huwa napendelea kubadilisha mazungumzo.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili, maana watu hukosea kwa upande wa pili pia. Kitu cha asili si lazima kiwe kitu kisicho na jeraha. Reale nyingi za fedha zenye mwaka 1780 na sura ya Maria Theresa wa Austria, zilizozunguka pwani hii kwa biashara, zina tundu au kipete kilichounganishwa kwa risasi, kwa sababu zilivaliwa shingoni na viunoni mwa akina bibi. Tundu hilo ni sehemu ya maisha ya reale hiyo hapa kwetu. Msilizibe. Sahani ya Kichina iliyovunjika zamani ikafungwa kwa vibanio vya chuma, kwa kuwa wakati huo sahani ilikuwa ghali kuliko kazi ya kuiunga, ina wapenzi wake wanaoitafuta hasa kwa ajili ya vile vibanio. Kiti cha enzi cha Lamu ambacho kamba zake za kalio zilisukwa upya na babu, kwa kamba za aina ileile, hakijaharibiwa na babu. Alikitengeneza ili akikalie. Kinachoharibu ni tengenezo la kuficha: lile linalotaka kiti kionekane hakikuwahi kukaliwa na mtu.

Nitajibiwa kwamba mwaka 2017 mchoro wa Salvator Mundi, unaonasibishwa na Leonardo da Vinci, uliuzwa New York kwa dola milioni 450.3, na mchoro ule umekarabatiwa kupita kiasi. Kweli. Jina la Leonardo lina nguvu zake. Lakini tazameni kilichofuata: ubishi usiokwisha kuhusu ni sehemu gani ya mchoro ule imetoka mkononi mwake na ipi imetoka kwa wakarabati. Mwenye kasha la Surat hana jina la Leonardo la kumkinga.

Jibu la pili ni zito zaidi, na limenikalia rohoni. Kuacha kitu kilivyo kunaweza kugeuka kisingizio cha kukitelekeza. Beit al-Ajaib, jumba la Unguja alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilichakaa kwa miaka, na tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu yake kubwa ikaporomoka na watu wakafa. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema paa linalovuja liachwe livuje kwa heshima ya uasili. Mchwa hawajui uasili. Mlango wa nakshi unaopigwa na mvua za masika unahitaji kinga, na nguzo iliyooza inahitaji kubadilishwa. Ninachoomba ni kwamba tutengeneze kinachobomoka na tuache kilichozeeka tu. Tena tutengeneze kwa namna inayoweza kufunguliwa na fundi wa baadaye: gundi inayolainika kwa maji ya moto badala ya ile ya kukauka milele, chokaa badala ya saruji kwenye kuta za matumbawe, kwa kuwa saruji huzuia unyevu usitoke na ukuta ukaozea ndani kwa ndani.

Na kwa kuwa nimeitaja milango, niwaombe hasa wenye nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wenzao wa Lamu walioingia mwaka 2001, pamoja na wa Bagamoyo, Pangani, Tanga na Mombasa ambao milango yao haihitaji cheti chochote ili iwe mizuri. Milango mingi imepakwa oili chafu mwaka hadi mwaka kuzuia mchwa, mpaka minyororo na maua ya nakshi yamezibwa na lami nyeusi. Sasa umeingia ugonjwa wa pili, wa kuipeleka mashine ya kukwangulia juu ya nakshi ili kuitoa hiyo oili. Mashine huondoa oili, na pamoja nayo huondoa makali ya patasi. Nakshi iliyokatwa kwa mkono ina kingo zinazokamata kivuli, na mlango uliopitiwa na mashine unakuwa na maua yaliyolowa, yasiyo na ncha. Kwenye matabaka ya rangi ya zamani wahifadhi hukata chembe ndogo kuliko punje ya mchele, wakaitazama kwa hadubini na kuhesabu ni mara ngapi mlango umepakwa rangi na kwa rangi gani. Ukishakwanguliwa, hesabu hiyo haipo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 iliitaja milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Walioiandika waliona kinachokuja. Lakini sheria humzuia zaidi mwenye kuutoa mlango nchini. Si rahisi imkamate mwenye nyumba anayeuharibu kwa mapenzi, na wengi wetu tunaharibu kwa mapenzi.

Fundi mmoja wa Unguja, mtu mzima aliyezaliwa na patasi mkononi, alinijibu kwa utaratibu nilipomweleza haya. "Dada yangu, mimi nalipwa kwa mng'ao. Nikimrudishia mteja kasha lake vilevile lilivyokuja, atanilipa nini?" Ana haki. Ndiyo maana wito huu hauwaelekei mafundi peke yao. Sisi wateja tujifunze kulipia kazi isiyoonekana: droo iliyokuwa inakwama sasa inateleza, mchwa waliokuwa ndani wamekufa, bawaba iliyolegea imekazwa kwa msumari wake uleule wa zamani, na uso wa kasha haukuguswa. Kazi hiyo ina ustadi mkubwa kuliko kupiga vanishi, na inapaswa kulipwa hivyo. Mafundi nao, nawasihi, mkipewa kazi ya kitu cha kale msitupe chochote. Msumari mliong'oa, kipande cha ubao uliooza, kufuli isiyofanya kazi, vyote vitieni mfukoni na mrudishieni mwenyewe pamoja na kasha lake.

Wenye hoteli na maduka ya mapambo wana sehemu yao pia. Kasha la kale lililong'arishwa na kuwekwa mapokezi huwafundisha wageni wote, na wenyeji wote wanaopita hapo, kwamba hivyo ndivyo kasha la kale linavyopaswa kuwa. Wekeni walau moja lililo katika ngozi yake.

Misikiti na familia zenye miswada ya herufi za Kiarabu, nawaomba kwa msisitizo zaidi. Msizibe mpasuko wa karatasi kwa seloteepu: gundi yake hugeuka njano, huingia kwenye nyuzi za karatasi na haitoki. Msipitishe kalamu juu ya maandishi yaliyofifia, hata kama nia ni kuyasaidia. Msiyafungie kwenye plastiki ya moto. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru kumbukumbu zilizo hatarini, na picha hizo zinasomwa na watu wa mbali bila mkono wa mtu kuigusa karatasi. Hiyo ndiyo njia ya kuisaidia karatasi dhaifu.

Mtaniuliza basi tufanye nini na kasha mwezi huu, au tulifunike shuka tu? Lifuteni kwa kitambaa laini kikavu, na nakshi kwa brashi ya nywele laini. Mafuta ya nazi msilipake, hukusanya vumbi na kuwa utando mweusi unaonata. Linyanyueni kutoka sakafuni kwa vipande vya matofali au mbao ili hewa ipite chini na mchwa waonekane wanapopanda. Lisogezeni mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana, na msilitoe nje kulianika, kwani mbao iliyozoea kivuli hupasuka. Mkiona unga mwepesi umemwagika chini yake kila asubuhi, basi dumuzi yumo, na hapo ndipo mnapohitaji msaada. Fort Jesus ya Mombasa ina maabara ya kuhifadhi vitu vya kale, na watu wa makumbusho ya Lamu, Zanzibar na Dar es Salaam wamezoea kuulizwa maswali ya namna hii. Waulizeni kabla ya kununua dawa ya kunyunyizia.

Na jambo moja ambalo halihitaji maabara wala fedha. Lipigeni kasha picha: mbele, nyuma, ndani, na chini yake. Kisha kaeni na bibi, kama Mungu amemweka hai, mumwulize lilitoka wapi. Alipewa na nani, kwa harusi ipi, lilikuja kwa jahazi la nani, na ile alama ya moto kwenye mfuniko ilitokana na nini. Andikeni majibu yake kwa penseli kwenye karatasi safi, tieni tarehe na jina la mwandishi, muiweke ndani ya bahasha kwenye kidroo bila kuigandisha popote. Asipokuwa na hakika, andikeni kwamba hakuwa na hakika. Wajomba wakibishana naye, kama watakavyobishana, andikeni na maneno ya wajomba.